Matundu Manne kwenye Sakafu ya Gari Jipya

Mgeni rasmi, mama yetu wa Ofisi ya Magari uliyekubali kuja mwenyewe badala ya kutuma mtu;
Daktari wetu wa kituo;
Ndugu majirani, hasa mliobeba viti kutoka nyumbani;
Na wewe gari jipya, ambalo viti vyako bado vimevaa nailoni:

KARIBU

Tunakusalimu kwa heshima na kwa furaha. Tulikuona ukishuka, mama, mkono mmoja kiunoni, ukasimama kidogo kabla ya kupiga hatua. Tukatazamana. Barabara yetu imekwisha kujitambulisha kwako, nasi imetupunguzia kazi ya kuieleza. Pole sana kwa safari. Kiti ulichokalia ndicho pekee hapa kituoni kisichoyumba, kwa hiyo jiegemeze bila wasiwasi.

Risala hii imeandikwa na kamati ya watu watatu: mtoa dawa, mpishi, na fundi wetu wa kuchomelea, ambaye hapa hakuna anayemwita kwa jina lolote ila Cheche. Inasomwa na Mkunga. Tumemchagua kwa sababu sauti yake inafika mbali. Akisema "sukuma" wodini, hata mlinzi kule getini hujikaza. Jana alifanya mazoezi kwa nakala fupi. Hii aliyoishika leo ni ndefu kidogo, na ndiyo maana sasa hivi mnamwona ametukazia macho. Tunamwomba asome yote, asiruke.

TULIKOTOKA

Lami inaishia mbali huko chini, kwenye duka la saruji. Kutoka hapo ni mawe, na baada ya mawe ni udongo, na mvua ikinyesha udongo huo unakuwa uji. Gari letu limepanda na kushuka njia hiyo likiwa na wajawazito, waliovunjika mifupa, watoto wenye homa na makasha ya chanjo. Likikwama halisubiri mtu wa kulivuta, maana huyo mtu hayupo. Hujivuta lenyewe. Kwa sababu hiyo siku zote limebeba vyuma vyake vya kujiokolea: jeki ndefu, mnyororo, waya wa chuma, mbao nzito za kuwekwa chini ya tairi, sepetu, na kapi, yaani lile gurudumu la chuma linalofungwa kwenye mti ili waya upite. Kapi lile ukilinyanyua kwa mkono mmoja, bega linashuka.

Anayeliendesha tunamwita Dereva, ingawa wengine nao wana leseni. Zamani, mgeni rasmi, Dereva alikuwa mtu wa maneno. Akiwasha gari na yeye amewaka. Atakueleza shamba hili ni la nani na waligombana na nani, kisha ataimba. Kuimba kwenyewe, Mungu amsamehe, hakuna wimbo alioanza akaumaliza kwa sauti ileile. Wajawazito walikuwa wakimwambia Mkunga, "Dada, mwambie huyo anyamaze, nacheka na tumbo linauma." Mkunga hakuwahi kumwambia anyamaze. Ni mume wake.

Vyuma wakati huo vilikaa nyuma, sakafuni, chini ya gunia, vimefungwa kwa kamba ya manila. Kamba ikilegea tuliikaza. Tuliona inatosha, kwa kuwa hakikuwa kimetokea kitu.

Siku kilipotokea, walikuwa wanamleta mama mmoja mwenye uchungu. Mbuzi alikatiza kwenye kona. Dereva alikanyaga breki kama ambavyo yeyote kati yetu angekanyaga. Mbuzi alipona. Kamba ilikatika na kapi likaruka. Mkunga aliliona likija, akamlalia mgonjwa, likampata yeye kwenye nyonga.

Dereva alisikia kishindo, halafu akamsikia mke wake akivuta pumzi. Alizunguka akafungua mlango wa nyuma. Mkunga alikuwa sakafuni, uso umembadilika.

"Baba watoto, mwangalie mgonjwa kwanza."

"Nakuangalia wewe."

"Mgonjwa kwanza, bwana. Mimi sina mtoto njiani."

Akamwangalia mgonjwa, akamkuta salama, ndipo akapiga magoti kwa mkewe. Kisha alirudi kwenye usukani akaendesha hadi hapa bila neno hata moja. Mama yule alijifungua vizuri mikononi mwa muuguzi wa zamu. Mkunga alilala kitandani muda mrefu, akarudi kazini na mwendo mpya, hatua moja nzito na moja nyepesi. Leo wagonjwa wakiisikia hatua hiyo kwenye korido wanatulia, wanajua ni nani anakuja.

Na Dereva naye? Yeye hakuna aliyemuuliza ameumia wapi. Tuliona tu kwamba akishika usukani hasemi. Nje, kwenye benchi, anatania watu kama kawaida yake. Akiwasha gari, kimya.

TULICHOJENGA

Mkunga akiwa bado amelazwa, Dereva alikwenda karakana kwa Cheche, akasimama mlangoni.

"Nataka sanduku la vile vyuma. Gari hata likipinduka, lisifunguke."

"Unataka sanduku au gereza?"

"Gereza."

Cheche alizima mashine akavua miwani yake ya kazi. Anasema aliutazama uso ule akaona kwamba huu si wakati wa utani, na kwa Cheche hilo ni jambo kubwa.

Sanduku la kwanza tulilijenga chini ya kitanda cha mgonjwa. Msicheke kwanza. Nafasi ilikuwepo pale, na uzito ungekaa chini, katikati ya gari, panapotakiwa. Tulilikata kwa bamba nene, tukalifunga kwa bolti, tukalipaka rangi ya kijivu. Mfuniko wake ulifunguka kwenda juu. Juu ya mfuniko kuna kitanda. Na juu ya kitanda, mgeni rasmi, hulala mgonjwa. Sisi wote tuliolizunguka siku ile tukilisifu, daktari akiwemo, hakuna aliyeliona hilo mpaka gari lilipozama kwenye tope likiwa na mama mwenye uchungu.

Dereva alisimama nyuma ya gari huku mvua ikimnyeshea, akalitazama sanduku, akamtazama mama. Hakuwa na namna.

"Dada yangu, samahani sana. Jeki iko chini yako."

Mama aliinuka, akamshika Mkunga shingoni, akashuka akasimama chini ya mwavuli, akasema maneno ambayo kwenye risala hayaandikwi. Alipomaliza akasema, "Haya, nipeni na hiyo sepetu niwachimbie." Gari lilitoka. Mtoto alizaliwa kabla hawajafika hapa, na binti mwenyewe ni huyo amekaa mbele na mama yake. Cheti chake kina jina zuri, lakini kituoni tunamwita Jeki, na anaitika.

Tukalivunja, tukaanza upya. Hili la pili ni droo ndefu iliyolala ubavuni, upande usio na kitanda, na huvutwa kutokea mlango wa nyuma. Mgonjwa anaendelea kulala na jeki inatoka. Kila chuma kina pahali pake palipokatwa kwa mpira wa tairi kuukuu, kapi na mnyororo chini kabisa karibu na ekseli ya magurudumu, sepetu juu. Kuna mikanda ya kuvibana, kuna makomeo mawili, halafu kufuli, kwa kuwa vyuma hivi pia vina wapenzi wao huko mitaani. Sanduku lote limeshikwa na bolti nne zinazopita sakafuni hadi kwenye fremu ya gari, kila moja na bamba lake kwa chini ili bati lisichanike. Hizo bolti mzikumbuke, tutazirudia.

Siku ya kulijaribu, Dereva aliliendesha gari kwenye uwanja wa mpira, akavuka mitaro, akafunga breki ghafla, akarudia tena na tena. Cheche alikuwa nyuma, sikio kwenye sanduku, kazi yake kusikiliza kama kuna kitu kinacheza. Gari liliposimama Dereva alikuja mbio.

"Umesikia nini?"

Cheche alishuka, akaenda kwenye majani, akatapika, akajifuta mdomo. "Kilichocheza ni tumbo langu tu."

Tangu hapo hakuna chuma kilichomgusa mtu. Mwaka wa mafuriko gari lililala ubavu kwenye mtaro, polepole, kama ng'ombe aliyechoka. Waliokuwemo walitoka na michubuko na hasira. Tulipolisimamisha na kufungua droo, kila kitu kilikuwa pale kilipolazwa. Dereva aliweka kiganja juu ya lile kapi, akakiacha hapo muda mrefu. Hatukumharakisha.

Haya ndiyo mafanikio yetu, mama. Si jengo la kukatia utepe. Ni droo, lakini tunajivunia.

KINACHOTUSUMBUA

Leo umetuletea gari jipya na tunashukuru kwa mioyo yetu yote. La zamani limekula kutu hadi tunaogopa kuliosha, maana uchafu ndio unaolishikilia. Lakini gari lilitanguliwa na barua ya ofisi yako. Inasema gari jipya lisitobolewe wala kuchomelewa popote, na vyuma vizito visibebwe pamoja na wagonjwa, vitunzwe kwenye stoo ya kituo.

Hatukuja kubishana na barua. Tumesikia kwamba kuna mahali watu walitoboa sakafu bila kutazama chini, na drili ikakutana na tangi la mafuta. Aliyeandika alikuwa anatulinda, nasi tunamshukuru. Shida yetu ni kwamba stoo iko hapa na tope liko kule. Gari likikwama na mjamzito, jeki itakuwa salama kabisa, kavu, imefungiwa kwa kufuli, na haimsaidii mtu. Na tukisema tuibebe hivyohivyo, chini ya gunia kama zamani, basi tumerudi kwa yule mbuzi.

KARATASI AMBAYO MSOMAJI HAKUONYESHWA

Mkunga, vuta pumzi. Nakala yako ya jana haikuwa na sehemu hii.

Tulijadiliana sana kama ni haki kuyasema haya mbele ya watu. Mpishi ndiye aliyetumaliza maneno. Alisema, "Wale wawili hawataambiana mpaka wazikwe. Kila mmoja ananyamaza ili asimuumize mwenzake." Hata hivyo Cheche alikwenda kumuuliza Dereva kwanza. Dereva alitazama chini, akachezea ufunguo, akasema, "Andikeni. Mimi nikianza, sitamaliza."

Kwa hiyo tunaandika. Ile barua ilipofika, mume wako aliisoma, akaikunja vizuri, akaenda karakana. Alimwambia Cheche kwamba bila sanduku hataliendesha gari hili. Ataomba kuhamishiwa mjini, kwenye magari ya ofisi.

"Ukabebe nini huko?" Cheche akamuuliza.

"Mafaili. Faili likiruka halimvunji mtu nyonga."

"Na mkeo?"

"Mke wangu ana kazi yake hapa. Watu wanamhitaji." Akairudisha ile barua mfukoni. "Nitakuwa nakuja mwisho wa mwezi."

Mgeni rasmi, hawa wameishi nyumba moja na kufanya kazi gari moja tangu nywele zao zikiwa nyeusi. Huyu wa kuja mwisho wa mwezi hawezi hata kupata usingizi mkewe akiwa zamu. Mlinzi ni shahidi, ndiye anayepiga naye gumzo.

Cheche akamuuliza tena, sasa kwa upole, kwa nini akiendesha hasemi. Naye akasema. Akishika usukani, masikio yake yote yako nyuma. Anasikiliza mnyororo. Anasikiliza kama kuna kitu kimelegea, kimesogea, kinataka kuruka. Akiongea hatasikia. "Siku ile nilikuwa naimba," alisema. "Kamba ilikuwa inalia na mimi naimba."

Ndiyo hivyo, Mkunga. Mpishi anasema uliwahi kumwambia jikoni, mkimenya vitunguu, kwamba tangu uumie mumeo hakutaki hata kwa maneno ndani ya gari, na kwamba labda amechoka kukuona ukichechemea. Ndiyo maana hata gari likiwa tupu unakaa nyuma. Mpishi anaomba radhi kwa kutoa siri. Ameibeba muda mrefu na imemlemea. Lakini hakuwa amekuchoka. Miaka yote hiyo alikuwa anakusikilizia.

Na sasa habari ya gurudumu la gari. Utakumbuka, si muda mrefu baada ya gari kulala mtaroni, ulikuja karakana ukasema, "Cheche, liangalie gurudumu la mbele. Tukiwa tunarudi kuna kitu kinalia, kinapanda kinashuka. Hiyo ni beringi." Cheche alilifungua gurudumu. Beringi nzima. Akafungua la upande wa pili. Nzima. Siku chache baadaye uko tena mlangoni, mkono kiunoni: bado linalia. Akaona isiwe tabu, akapanda gari mwenyewe, akakaa mbele, na hawakuwa wamefika mbali akajua.

Mkunga, beringi ile ni mume wako. Alikuwa ameanza kuimba tena. Chinichini, mdomo umefungwa, akijaribu kama bado anaweza. Alikuwa ameliamini sanduku. Cheche alitaka kukuambia siku ileile, lakini Dereva alimshika mkono akamwambia, "Niache nizoee kwanza." Na sauti yake ilivyo, kwa kweli hatukukulaumu kwa kudhani ni chuma.

TUNACHOOMBA

Mgeni rasmi, tunarudi kwako. Tunaomba matundu manne.

Sanduku liko tayari, ndilo lile lililofunikwa turubai la bluu pembeni ya gari. Tumelitoa kwenye gari la zamani, tumelipiga msasa, tumelipaka rangi upya. Bolti ziko mfukoni mwa Cheche. Ndiyo sababu suruali yake imeinama upande mmoja. Hazitaingia popote bila neno lako. Tunaomba wahandisi uliokuja nao walale chini ya gari pamoja naye, wamwonyeshe tangi liko wapi na nyaya zinapita wapi, wamchoree kwa chaki mahali ambapo sakafu inaruhusu. Yeye atashika drili tu. Wakisema sogeza, atasogeza. Wakisema hapo hapana, tutauliza ni wapi, na tutauliza tena.

Kama hilo halitawezekana leo, basi tunaomba gari la zamani lisiondoke nawe hadi jibu lipatikane, na sanduku tutalirudisha humo jioni hii hii. Gari lenyewe linaona haya kusimama karibu na hili jipya, lakini kupanda bado linapanda.

Ombi la pili si kwako, mama. Ni kwa Mkunga, msomaji wetu. Ukimaliza kusoma, usimuulize mumeo kitu mbele ya watu. Unamjua, atakimbilia kukagua tairi. Tayari anakagua tairi, na tairi zenyewe ni mpya. Subiri watu waondoke. Na safari ya kwanza mtakayorudi bila mgonjwa, katika gari lolote litakalokuwepo, tunakuomba ukae kiti cha mbele. Aimbe vibaya karibu na wewe.

TUNAMALIZA

Mgeni rasmi, Mungu akubariki wewe na walio nyumbani kwako, awape afya wanaokutegemea na awazidishie subira wanaokuendesha. Njia ya kushuka ikuhurumie kuliko ya kupanda. Mbuzi wakupishe, tope likuachie, na kila kilicho nyuma ya kiti chako kikae mahali pake mpaka ufike kwa wanaokusubiri.

Ni sisi tunaokupenda na kukutegemea,

Watumishi wa Kituo cha Afya, Karakana na Jiko

Nyongeza ya kamati kwenye nakala ya kutunza: Mkunga alisoma mpaka pale penye beringi, akashindwa kuendelea. Dereva aliacha tairi, akaja akaichukua karatasi mkononi mwake, akamalizia yeye, pamoja na ombi la pili. Mgeni rasmi aliomba chaki kabla ya chai.